Siku Nne Unguja

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za safari ya Unguja niliyoifanya pamoja na mke wangu, kwa kuwa alisikia ya kwamba tulikwenda kwa matembezi tu, bila biashara wala msiba, jambo ambalo huko kwetu Bugeshi si la kila siku. Nilisita kidogo, maana habari yenyewe hainisifu sana. Lakini ninyi mnaosoma Kiswahili hivi sasa mna haki ya kuijua, na wenzangu tuliomaliza pamoja watapata la kucheka.

Kwa wale wasiofika, Bugeshi iko kaskazini ya wilaya ya Rubavu, chini ya mlima Karisimbi wenye urefu wa meta 4,507, karibu na mpaka wa Kongo. Ni nchi ya viazi na baridi. Asubuhi hutoki nje bila sweta. Tulipooana mwaka 2003 nilimwahidi mke wangu kwamba siku moja nitamwonyesha bahari. Nilikuwa kijana, tena nilikuwa nimepata zawadi ya Kiswahili hapa shuleni, basi niliiona Unguja kama mali yangu. Miaka ishirini ikapita. Mavuno haya yakawa ya ada, yale ya mabati, mengine ya ng'ombe. Hata mwaka 2023, viazi vilipotoka vizuri, yeye mwenyewe akaniuliza, "Na bahari je?" Nikaona haya.

Aliniuliza kwa Kinyarwanda. Jambo hili liwekeni akilini. Mke wangu anajua Kiswahili, tena alikijua kabla hajanijua mimi, kwa kuwa katika usichana wake alikuwa akibeba viazi kichwani na kuvuka mpaka Gisenyi kwenda kuviuza Goma. Lakini ni Kiswahili cha sokoni kule, cha batu na bintu na banakuya. Mimi niliyefundishwa ngeli na nahau sikuweza kukivumilia. Kila alipofungua kinywa nilimsahihisha, na siku moja nilimsahihisha mbele ya wageni, wageni wakacheka, nami nikacheka nao. Baadaye akaacha kukisema nyumbani. Nilidhani amekisahau.

Tulitoka Bugeshi Ijumaa, tarehe 14 Julai, na kesho yake alfajiri tukapanda basi Kigali. Tulifika Rusumo, penye daraja la mto Akagera, tukagongewa mihuri. Mke wangu alikuwa amesimama na akina mama wafanya biashara, akarudi kwangu akasema, "Banasema saa ya huku inapita ya kwetu."

Nikamwambia, "Si banasema. Ni wanasema."

Akanyamaza. Basi likaondoka. Tulipita Kahama, Singida, Dodoma na Morogoro, mchana na usiku, mpaka miguu ikavimba. Jumapili usiku tulilala Dar es Salaam karibu na bandari, na Jumatatu tukaenda gatini kupanda boti ya saa moja asubuhi. Saa yangu ya mkono ilionyesha kasoro robo, nami nikajisifu kwa kuwahi. Karani akatazama tiketi zetu, akatutazama sisi, akanyoosha kidole baharini. Boti ilikuwa mbali, imekuwa ndogo kama ndege wa majini. Tanzania wametutangulia kwa saa moja, na habari hiyo nilikuwa nimeletewa Rusumo, nami nikaishika kiambishi chake nikaiacha maana yake. Mke wangu alikaa juu ya mfuko wetu akingoja boti iliyofuata. Hakusema neno, wala hakunikumbusha. Afadhali angenitukana.

Ya mjini sitayaeleza sana, maana mmeyasoma vitabuni. Tulitembea katika vichochoro vya Mji Mkongwe, tukaingia Mkunazini katika kanisa lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka likafungwa mwaka 1873, na tulitoka pale kimya. Jumba la Beit al-Ajaib tuliliona kwa nje tu. Sehemu yake ilianguka Desemba 2020.

Lililonipata sokoni Darajani ndilo nitakaloeleza. Mkulima ni mkulima, basi nikataka kujua viazi kwao ni bei gani. Nikamwuliza mwuzaji kwa Kiswahili safi kabisa. Akanionyesha viazi vitamu. Nikasema sivyo, nataka viazi. Akanionyesha viazi vikuu. Nikaanza kumweleza umbo na rangi kama mwalimu wa sayansi, na watu wakakusanyika. Mke wangu akapita kando yangu, akaenda kibanda cha tatu, akainua kimoja juu. "Bibi anataka mbatata!" akasema mwuzaji, na watu wakacheka, si kwa ubaya. Basi mimi niliyevilima viazi miaka ishirini sikujua jina lake Unguja. Jioni tulikula urojo Forodhani, na ndani yake mlikuwa na mbatata. Mke wangu akazionja akasema za kwetu ni bora, nami nakubali.

Jumanne tukapanda daladala kwenda Paje, upande wa mashariki wa kisiwa, tukakaa huko mpaka Ijumaa katika nyumba ndogo ya kulala wageni nyuma ya minazi. Mwezi ulikuwa umeandama karibuni, basi ilikuwa bamvua, wakati maji yanapokupwa sana. Sijui niwaelezeje. Usiku unalala ukiisikia bahari mlangoni, na asubuhi unaamka huioni. Imekwenda mbali kabisa, imeacha uwanja mpana wa mchanga mweupe na vidimbwi. Mke wangu aliuliza kama imeharibika.

Katika uwanja ule palikuwa na wanawake wameinama, kama wanawake wa kwetu wakati wa kupanda. Walikuwa wakilima mwani. Kazi hii ilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Hupigiliwa vijiti mchangani, hufungwa kamba kati yake, na juu ya kamba hufungwa vipande vya mwani. Majuma sita hivi yakipita, huvunwa, huanikwa juani, kisha huuzwa ng'ambo, ambako hutolewa utomvu wa kutilia uzito dawa ya meno na vyakula. Wengi wanaofanya kazi hiyo ni wanawake. Mbali kidogo wageni wa Ulaya walikuwa wakivutwa juu ya maji na tiara kubwa, nao wanawake hawakuinua macho kuwatazama.

Nikawasalimu kwa ufasaha. Wakaniitikia kwa adabu, wakaendelea. Kisha wakasemezana wenyewe kwa wenyewe, nami nikashika neno moja katika matano. Nikakumbuka tulivyofundishwa kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Cha mjini! Hapa, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, wazee wana Kikae chao, na hakuna aliyekuja kuwasahihisha.

Mke wangu alikuwa amekwisha vua viatu. Akaingia majini, akamwuliza mama mmoja mbegu wanatoa wapi. "Mbegu munatoshaka wapi?" ndivyo alivyosema. Yule mama akamjibu ya kwamba mbegu ni mwani wenyewe. Ukivuna, hubakiza kiasi cha kufunga tena. Mke wangu akapiga makofi. "Ni kama birai bya kwetu!" Wakamwuliza birai ni nini, akawaeleza, nao wakamweleza jinsi maji yalivyozidi joto siku hizi na ile aina ya mwani yenye bei nzuri inavyokufa, naye akawaeleza juu ya viazi vinavyooza mvua ikizidi. Mpaka maji yalipoanza kujaa alikuwa amefunga kamba tatu nzima. Mimi nilikuwa nimekaa ufukoni nikilinda viatu.

Wakati wa kurudi aliokota kauri ndogo nyeupe, akaniwekea mkononi. "Isimbi," akasema. Sisi wa Bugeshi tumezaliwa chini ya mlima uliopewa jina kwa simbi hii, kwa vile kilele chake huwa cheupe wakati mwingine, na mpaka siku ile sikuwahi kuishika ikiwa na mchanga wake.

Usiku ule nilimwuliza kwa nini watoto wetu wakisoma masomo yao ya Kiswahili huwa anatoka nje, na kumbe anakijua hivi. Alikaa muda mrefu. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, cha kwake, mara ya kwanza baada ya miaka mingi: "Nikiongea, weye unasikiaka makosa. Miye haunisikie."

Nilitafuta la kusema kwa Kiswahili, nikalikosa. Nikamwomba msamaha kwa Kinyarwanda. Hakusema amenisamehe; alisema saa imekwenda, tulale.

Tuliporudi, pale Rusumo, aliniambia nirudishe saa yangu nyuma, nikairudisha papo hapo.

Jioni ya kwanza nyumbani watoto walimzunguka. Akaanza kuwasimulia kwa Kiswahili habari za batu banalima mu maji, bahari inatoroka asubuhi na kurudi mangaribi, naye akiinama sakafuni kuwaonyesha kamba zinavyofungwa. Mtoto wetu wa pili, ambaye ni mwanafunzi katika shule hii hii na ana alama nzuri za Kiswahili, akafungua mdomo kumsahihisha. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Kisha, mama?" akasema.