Isinya: Bweha ameiba kondoo, kwa nini tumbusi afe?

Kama wewe ni mkazi wa Nairobi na hujapata kuisafiri barabara ya Namanga kwa raha zako, chagua Jumamosi moja isiyo na mvua, panda matatu ya Kajiado, ukae dirishani. Ukishapita Athi River na kelele za Kitengela, ambako magorofa yamesimama palipokuwa malisho, nchi huanza kufunguka kidogo kidogo. Vilima vya Ngong hubaki nyuma yako, mkono wa kulia. Mbele ni nyasi, migunga na upepo. Kabla ya kilomita 60 kutimia utafika Isinya, na hapo ndipo mimi hushuka.

Kutoka barabarani hadi kwa mwenyeji wangu ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu, au dakika chache kwa bodaboda ikiwa mgongo wako ni wa kuvumilia. Nilipofika, watoto walikuja wakainamisha vichwa niwaguse utosini, kama ilivyo desturi ya Wamaasai, kisha nikapewa chai iliyojaa maziwa. Lakini siku hiyo nyumba haikuwa na furaha. Wana-kondoo watatu walikuwa wametoweka katika wiki moja, na kitinda mimba wa mzee alikuwa amekwisha kuamua: angepaka sumu mzoga wa mmoja wao na kuuacha nje ya boma usiku.

Wewe unayenunua nyama kwa kilo huenda ukaona wana-kondoo watatu si kitu. Kwa familia ile walikuwa karo ya muhula. Usimcheke kijana.

Mshukiwa alikuwa bweha, yule mwenye mgongo mweusi uliochanganyika na mvi na ubavu mwekundu. Ni mnyama mdogo, mwembamba, mwenye akili nyingi. Huishi dume na jike katika eneo lao, na aghalabu watoto wakubwa hubaki nyumbani kusaidia kuwalea wadogo. Chakula chake kikubwa ni panya, wadudu, mizoga na hata matunda. Akimpata mwana-kondoo aliyeachwa nyuma, hatasita. Lakini ukimuua huyu leo, eneo lake huwa wazi, na bweha mwingine asiye na kwake huja kulichukua. Utaua hadi lini?

Na sumu haimchagui mwizi. Kwa miaka mingi dawa iliyotumiwa vibaya zaidi humu nchini kwa kazi hiyo ilikuwa Furadan, dawa ya kuua wadudu mashambani. Kampuni ya Marekani iliyoitengeneza iliiondoa katika soko la Kenya mwaka wa 2009 kwa sababu ya vifo vya simba na ndege, lakini mtu aliyekusudia ubaya hakosi dawa nyingine. Mnamo Desemba 2015 huko Maasai Mara, simba wa kundi mashuhuri la Marsh walikula mzoga wa ng'ombe uliotiwa sumu. Bibi, simba jike mzee aliyejulikana na watazamaji wa televisheni duniani kote, alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Wanaoumia zaidi ni tumbusi. Wao huuona mzoga kutoka mbali angani, mmoja akishuka wenzake humfuata, na mzoga mmoja unaweza kuua makumi yao. Mwaka huo huo wa 2015, aina kadhaa za tumbusi wa Afrika ziliwekwa katika orodha ya ndege walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Huenda huwapendi, na sura zao kwa kweli hazivutii. Lakini tumbo la tumbusi huua hata vijidudu vya kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na watu. Asipokuwapo, mizoga hubaki ikiwaita mbwa na fisi.

Mzee alimsikiliza mwanawe hadi mwisho. Kisha akasimulia kwamba yeye mwenyewe, zamani, aliwahi kumtegea fisi sumu. Fisi hakuonekana. Asubuhi alikuta tumbusi wamelala na mabawa yamekunjuka, na kando yao mbwa wake aliyekuwa akibweka usiku fisi akikaribia. Alisema alichimba shimo peke yake, na hakumwambia mtu kwa nini mbwa yule hayupo. Mkewe aliinua macho kutoka mekoni. Nadhani naye alikuwa akiisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Baadaye tulitoka kuchunguza. Upande wa nyuma wa boma, matawi ya miiba yalikuwa yamekauka yakaacha mwanya chini, na vumbini palikuwa na nyayo ndogo kama za mbwa. Huyo alikuwa mwana-kondoo mmoja. Je, wale wawili? Walipotea mchana, malishoni. Zamani watoto wa boma ndio waliochunga, lakini elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka wa 2003, wengi walikwenda shule, na ni haki yao. Sasa kundi lote lilikuwa mikononi mwa kijana mmoja wa kuajiriwa, bila mbwa. Sumu ya usiku ingemzuiaje mwizi wa mchana?

Watafiti waliochapisha kazi yao ya Laikipia mwaka wa 2003 walionyesha jambo hilo hilo: boma imara, mbwa, na watu walio macho hupunguza hasara. Huko Kitengela, baada ya wananchi kuua simba sita mnamo Juni 2012, watu wengi walimsikiliza kijana Richard Turere na taa zake za kumetameta zinazowafukuza simba. Bweha hahitaji ufundi mkubwa hivyo. Waya wenye matundu madogo, uliozikwa chini kwa sababu yeye huchimba. Lango lisilo na nafasi. Kondoo wanaozaa wabaki karibu na nyumba. Na kondo la nyuma lizikwe mbali, maana harufu yake ni mwaliko. Mbwa naye achanjwe kichaa.

Jioni ile tuliziba mwanya kwa mawe na matawi mabichi, na wana-kondoo wadogo wakalala ndani. Kijana aliifunga ile sumu katika karatasi akampa baba yake. Hakusema neno.

Alfajiri, kundi lilihesabiwa likatimia. Aliponisindikiza barabarani tuliona wanyama wawili wenye masikio makubwa kama majani ya mnyonyo, wameinamisha vichwa wakisikiliza ardhi. Kijana aliinama kuokota jiwe. Nikamwambia huyo ni bweha masikio, anayekula mchwa na mbawakawa, hana meno ya kumshinda kondoo. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama naye angeula ule mzoga. Nilisema huenda angeufuata kwa ajili ya mabuu. Akaliangusha jiwe, tukaendelea na safari.