Pedi za bei chee nusura ziniulie mdogo wangu

Wadau, ubahili mbaya! Jamaa mmoja, jina kapuni, aliniuzia pedi za breki za diski kwa baiskeli yangu ya gia. "Kaka, zote ni zilezile." Nikampakia dogo, tukaanza kushuka mlima huku kwetu Bukiriro, Ngara. Katikati pedi zikachemka, breki zikagoma! Nikajitosa mgombani. Dogo kachubuka goti tu, namshukuru Mungu.

Fundi akanipa darasa: pedi laini hazina kelele, ila mlima mrefu zinachemka na tope linazila haraka. Za chuma zinavumilia joto na mvua. Ila soma diski kwanza, nyingine zimeandikwa pedi laini tu.

Diski yangu inazikubali, nimefunga za chuma. Zinapiga kelele mtaa mzima unageuka, ila dogo kakubali kupanda tena.

Yule jamaa ungemfanyaje? Tiririka hapo chini.