Mbaha: bibi wa redio, mjukuu wa simu

Ukifika Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, utakuta usipa wameanikwa na watoto wakiogelea. Wanaowafokea ni kina bibi. Hao walikuwa vijana mwaka 1973, kampeni ya “Mtu ni Afya” ilipokusanya watu wazima kama milioni 2 nchini kwenye vikundi vya kusikiliza redio: malaria, kichocho, uchimbaji wa vyoo. Kukojoa ziwani kwao ni kosa hadi leo. Binti zao wamekulia enzi za chandarua chenye dawa. Mbu wanamwogopa, konokono wa kichocho wamemsahau. Wajukuu wana simu. Dawa ya kichocho wanapewa shuleni, na jioni wanarudi majini (maji yenyewe yanavutia, utawalaumu?).