Televisheni Iliyomngoja Mgonjwa

Natoa ushuhuda huu kwa wanaouguza nyumbani, hasa wale wanaofanya kazi usiku na kurudi asubuhi wakamkuta mgonjwa amekesha. Nina shukrani za kutoa na ujuzi wa kugawa. Ujuzi wenyewe ni wa kurekodi vipindi vya televisheni nyumbani, kwenye diski zako mwenyewe, kwa programu isiyouzwa. Wengi wataliona jambo dogo. Kwetu halikuwa dogo.

Tunaishi kusini mwa London. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kazi yangu ni zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Mume wangu kwao ni Mugumu, wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Alikuwa dereva wa basi mpaka siku alipopigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakampotea. Anajua anachotaka kusema, ila neno halitoki, au linatoka jingine. Kusoma kukawa mtihani. Simu ikamshinda. Wageni walijaa mwanzoni, kisha wakapungua, na ulimwengu ukabaki kumfikia kwa njia ya televisheni.

Televisheni nayo ina saa zake, na mgonjwa ana za kwake. Match of the Day, kipindi cha mpira ambacho BBC imekirusha tangu 1964, huanza Jumamosi usiku, wakati dawa zimeshamlaza. Akiamka saa tisa za usiku, usingizi umekwisha, hewani hakuna anachokitaka, nami niko kazini nageuza wazee wa watu vitandani.

Zamani tulikuwa na king'amuzi cha kulipia kila mwezi, chenye diski ya kurekodia ndani yake. Tulipobaki na mshahara mmoja, mkataba ule ukawa wa kwanza kukatwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba vipindi vyote alivyojirekodia havikuwa vyake. Diski ilikuwa ile ile na orodha inaonekana, lakini ukibonyeza unaambiwa huna kibali. Humo ndani kulikuwa na mfululizo wa Serengeti ulioonyeshwa na BBC mwaka 2019, ule uliosimuliwa na John Boyega. Ile ndiyo nchi aliyozaliwa. Alishika rimoti kwa mkono wa kushoto, akabonyeza, akabonyeza tena, kisha akaiweka mezani akanitazama. Sikuwa na la kumjibu.

Mtu atauliza: si vituo vina programu zao za mtandaoni? Vinazo. Lakini kila kituo kina programu yake, akaunti yake na nywila yake, na vipindi vyenyewe huondolewa muda wake ukiisha. Kwa mtu ambaye herufi zinamchezea machoni, kuvuka malango hayo yote ni kumtesa.

Ndugu yangu mdogo, ambaye ni fundi wa mitandao huko Tanga, ndiye aliyenifungua macho. Nilikuwa nimempigia kumweleza habari za shemeji yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Dada, kile kisanduku mnachowekea picha za watoto bado kipo? Kile ni kompyuta kamili, ndani yake kuna mfumo endeshi wa Linux. Tukikiunganisha na antena, kitarekodi usiku na mchana, na shemeji atazame saa anayotaka yeye."

Alikuwa akisema juu ya kifaa cha hifadhi ya mtandao: kisanduku chenye diski mbili, kilichounganishwa na ruta kwa kebo. Kila kinachoandikwa kwenye diski moja kinanakiliwa kwenye ya pili, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Kwa kuwa kisanduku hakizimwi, kinafaa sana kwa kazi ya kurekodi.

Vipindi vyenyewe tayari vilikuwa hewani. Uingereza ilimaliza kuzima mitambo ya analojia mwaka 2012, na tangu hapo antena ya paa hupokea chaneli za kidijitali za Freeview bila malipo ya kila mwezi, mradi uwe na leseni ya televisheni. Sheria ya hakimiliki ya nchi hii ya mwaka 1988, kifungu cha 70, inamruhusu mtu kurekodi nyumbani kwa matumizi yake binafsi ili atazame kwa wakati unaomfaa. Nilipoelezwa hivyo moyo ulitulia, maana sikutaka kumletea mgonjwa wangu kitu cha wizi.

Programu tuliyoitumia inaitwa Tvheadend. Ilianzishwa na Andreas Öman wa Sweden, ikaendelezwa na wengi wengine, na ni programu huria: huilipii, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Kazi yake ni kupokea matangazo kutoka kwenye tyuna, yaani kifaa kinachonasa mawimbi ya antena, kupanga chaneli, kusoma ratiba ya vipindi na kurekodi.

Nilianza na tyuna ndogo ya USB, inayochomekwa kwenye kisanduku na kuungwa kebo ya antena. Ilifanya kazi, na nyumba ikachangamka. Kisha kampuni iliyotengeneza kisanduku ikatoa toleo jipya la mfumo endeshi, lenye marekebisho ya usalama, nami nikalisakinisha kwa sababu picha zote za familia zimo humo. Kisanduku kilipowaka upya, tyuna haikuonekana tena. Taa yake inawaka, lakini Tvheadend inasema hakuna kifaa. Ndugu yangu akaomba nimpigie picha ya logi, yaani ile orodha ya matukio ambayo mashine hujiandikia. Aliisoma, akanitumia ujumbe wa sauti: viendeshi vya tyuna za USB vimeondolewa katika toleo hilo, na bila kiendeshi Linux haikitambui kifaa.

Nililia siku ile, sitaficha. Nilikuwa nimetoka zamu, mume wangu amekaa akingoja, nami nimesimama mbele ya kifaa kizima ambacho uamuzi wa watu walio mbali umekifanya kisifae kitu. Anayeuguza anayajua machozi hayo. Hayatokani na jambo lililo mbele yako peke yake.

Zamu yangu ya upatu ilipofika, nilinunua tyuna ya aina nyingine, HDHomeRun, iliyokwisha tumika. Hii haichomekwi kwenye kisanduku. Upande mmoja inapokea kebo ya antena, upande wa pili inaungwa na ruta, na picha zinasafiri kwenye mtandao wa nyumbani. Haihitaji kiendeshi cha USB, kwa hiyo hakuna toleo jipya litakaloing'oa kwa njia ile. Tvheadend yenyewe tukaiweka ndani ya kontena, ili isitegemee sana mfumo wa kisanduku. Kontena ni chumba cha kupanga ndani ya nyumba ya mtu: una mlango wako, lakini kabati la mwenye nyumba hulifungui mpaka upewe ufunguo. Matatizo karibu yote yaliyofuata yalitokana na hilo.

La kwanza, Tvheadend haikuiona tyuna. Programu huitafuta tyuna kwa kutuma mwito kwenye mtandao mzima wa nyumbani, na mwito huo hautoki nje ya mtandao wa ndani wa kontena. Tuliliruhusu kontena kutumia mtandao wa kisanduku moja kwa moja, na tyuna ikajitokeza papo hapo.

La pili, chaneli. Tvheadend ina orodha ya minara ya Uingereza, nami nikachagua Crystal Palace, mnara wa mita 219 unaohudumia London. Chaneli za kawaida zilikuja kwenye masafa ya megahezi 490, lakini zile za HD, zilizoko karibu na 546, hazikuonekana. HD hurushwa kwa DVB-T2, kizazi cha pili cha matangazo ya kidijitali ya antena, ambacho ndicho kinachotumiwa na ving'amuzi vya antena Tanzania na Kenya. Masafa hayo lazima yaandikwe kuwa ni ya kizazi cha pili. Yakiandikwa vinginevyo tyuna inayapita tu. Tulipoyarekebisha, chaneli zikaingia.

La tatu, rekodi zilianza na kufa papo hapo. Logi ilisema faili haiwezi kuundwa. Folda ya rekodi ilikuwa mali ya mtumiaji mmoja wa kisanduku, na kontena linafanya kazi kwa namba ya mtumiaji mwingine. Tuliliwekea kontena namba ya mwenye folda, na faili zikaanza kuandikwa.

La nne lilinichosha kuliko yote. Niliweka kanuni ya kudumu: rekodi Match of the Day kila Jumamosi, ikianza baada ya saa nne usiku. Majira ya baridi ilifanya kazi. Machi saa za Uingereza zilipopelekwa mbele, Jumapili asubuhi hapakuwa na kitu. Hakuna hitilafu kwenye logi, na ratiba iko sawa. Kumbe kontena linafuata saa ya dunia na halijui majira ya London. Kipindi cha saa nne na dakika ishirini, kwake kilikuwa cha saa tatu na dakika ishirini, kwa hiyo kilikuwa nje ya kanuni. Mstari mmoja wa kutaja eneo la saa, Europe/London, ulimaliza kazi.

Mwisho tuliweka programu ya kuchezea video iitwayo Kodi kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi nyuma ya televisheni. Inasoma rekodi kutoka kwenye kisanduku na kutii rimoti ile ile ya televisheni kupitia kebo ya HDMI. Mume wangu hahitaji kuandika wala kuingiza nywila. Anatumia mishale, kitufe cha kati na cha kusimamisha.

Sasa niwaambie kilichotokea. Mtaalamu wa matamshi alikuwa ametuambia kwamba kurudia rudia ni sehemu kubwa ya mazoezi. Mume wangu anapenda snuka, na mashindano ya dunia hufanyika ukumbi wa Crucible, Sheffield, tangu 1977. Mipira ya snuka ina thamani isiyobadilika: nyekundu 1, njano 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, waridi 6, nyeusi 7. Akaanza mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Mchezaji akiingiza mpira, anasimamisha picha, anataja rangi, anataja namba, anajumlisha, kisha anaachia picha na kusikiliza mwamuzi anasema ngapi. Akikosea anarudisha nyuma. Kipindi cha moja kwa moja kisingemngoja. Rekodi inamngoja hata dakika nzima, mpaka neno "kahawia" limtoke.

Nimemsikia akifanya hivyo alfajiri, nikiwa mlangoni na koti langu la kazini bado mwilini. Sisemi televisheni ndiyo iliyomponya. Namshukuru Mwenyezi Mungu, nawashukuru madaktari na wale wataalamu waliomshika mkono. Nasema alipata kazi ya kufanya katika saa ambazo zamani zilikuwa za kutazama dari. Namba zimerudi, na rangi zimerudi. Mfululizo wa Serengeti uliporushwa tena, Tvheadend iliunasa wote, na safari hii hakuna kampuni ya kumwambia hana kibali.

Kwa atakayetaka kufuata njia hii, haya ndiyo ninayomshauri. Chagua tyuna ya mtandao badala ya ile ya USB. Liwekee kontena namba ile ile ya mtumiaji mwenye folda. Taja eneo la saa siku ya kwanza. Ongeza dakika chache kabla ya kipindi na dakika nyingi baada yake, kwa sababu snuka haimaliziki kwa ratiba. Panga nafasi: chaneli ya HD yenye kasi ya megabiti 8 kwa sekunde inakula gigabaiti 3.6 kwa saa moja, hivyo diski ya terabaiti 2 inachukua zaidi ya saa 500. Weka nywila kwenye ukurasa wa Tvheadend, unaofunguliwa kwa namba ya mlango 9981, na usiuache wazi kwa intaneti. Ukiwa Afrika Mashariki, jaribu kwanza chaneli zisizofungwa kwa kadi, maana zilizofungwa programu hii haizifungui kwa hila.

Zaidi ya yote, shika tatizo moja kwa wakati mmoja, na soma logi kabla ya kukata tamaa. Mimi sikusomea kompyuta. Nimesomea kutunza wazee. Kila kikwazo nilichokutana nacho kilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na mtu aliyekwisha kuipata akaieleza bure.

Kama una mgonjwa nyumbani anayekesha, usimwache atazame kile tu ambacho vituo vimeamua kukirusha saa tisa za usiku. Tafuta kisanduku, antena na kijana mmoja mwenye subira katika ukoo wenu. Anza wiki hii.