Mbio Zisizokuwa Adhabu

Kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya msingi, na kwa miaka hiyo hiyo niliwafundisha watoto kuchukia mbio. Sikukusudia. Mtoto akichelewa namba, nilimwambia, "Zunguka uwanja mara tano." Akipiga kelele darasani, mara tatu. Aliyesahau fagio naye hakusalimika. Kisha ukifika wakati wa kuchagua timu ya UMITASHUMTA, nilishangaa kuona nusu ya darasa wanaumwa tumbo.

Mwaka mmoja binti wa darasa la nne alifika wa mwisho katika mbio za mita 400. Wenzake walimcheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao. Alimaliza, akapitiliza hadi chini ya mti, akaketi na kuficha uso magotini. Tangu hapo, kila siku ya michezo hakuonekana shuleni.

Jumapili moja usharikani tulisomewa Luka 15. Habari ya mwana mpotevu nimeijua tangu Shule ya Jumapili, lakini siku ile neno moja lilinichoma: baba alikimbia. Mtu mzima mwenye heshima zake alimwona mwanawe angali mbali, akaenda mbio kumlaki. Hakuwa akiadhibiwa, wala hakushindana na mtu. Alikimbia kwa sababu moyo wake ulijaa huruma. Na aliyekimbiliwa ni yule aliyechelewa kurudi nyumbani. Mimi waliochelewa niliwazungusha uwanja.

Wiki ile nilikwenda nyumbani kwa yule binti. Mama yake alinikaribisha kigoda, nikamweleza nililofanya. Akasema, "Mwalimu, mtoto huyu hapa anashinda akikimbia na mbuzi. Ni huko shuleni tu hataki." Nilimwomba binti msamaha mbele ya mama yake. Akaniuliza, huku akitazama chini, "Nikiwa wa mwisho tena, utacheka?" Nikamjibu, "Sitacheka. Nitakimbia na wewe."

Tuliurudisha mchakamchaka wa asubuhi, kama tulivyokimbia sisi utotoni. Wadogo tuliwaweka mbele ili wao ndio wapange mwendo. Kanuni ilikuwa moja: asiyeweza kuimba, basi tunakwenda mbio mno. Mchana tulifanya mbio za vijiti na za magunia, na timu tulizichanganya, wepesi na wazito pamoja. Adhabu ya kuzunguka uwanja niliifuta kabisa.

Niliwasimulia pia habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji na kuendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, wa mwisho kati ya waliomaliza. Dunia inamkumbuka hadi leo. Watoto walinyamaza kimya. Nadhani hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba wa mwisho naye ana heshima yake. Mwandishi wa Waebrania, katika sura ya 12, anapotuhimiza kupiga mbio, anataja saburi, kasi haitaji.

Yule binti hakupata medali. Asubuhi tulikuwa tunakimbia nyuma ya wote, yeye na mimi, magoti yangu yakilalamika. Baada ya majuma kadhaa alianza kuniacha. Siku moja aligeuka, akaniona nahema, akapunguza mwendo. "Mwalimu, pole," akasema, "nakungoja." Nilishindwa kujibu, na si kwa sababu ya kuhema tu.

Wapendwa wazazi na walimu, tusifanye adhabu kwa kitu ambacho Mungu amempa mtoto kiwe furaha yake. Miguu ya mtoto inataka kukimbia hata kabla hatujamwagiza. Nawaza pia juu ya sala na aya za kukariri, ambazo mara nyingine tunawapa watoto wetu kama viboko wanapokosea, kisha wakikua tunauliza kwa nini hawaji kanisani.

Jioni ya leo, mtoto wako akikuita nje mkimbizane, acha kazi kidogo uende. Ukishindwa na mtoto wako, hujapoteza kitu.