Unga wa Kina Dada

Pupusa ni mkate wa mahindi wa El Salvador, bapa na mnene kiasi, wenye jibini, maharagwe yaliyopondwa au nyama ya nguruwe ndani. Wenyewe wanauenzi: mwaka 2005 bunge lao liliutangaza chakula cha taifa, na Jumapili ya pili ya Novemba ni siku yake. Mimi niliukuta Migosi, jikoni kwa Mama, Desemba dada yetu aliporudi kutoka Maryland baada ya miaka saba.

Alikuja na pakiti mbili za unga. "Unga wa mahindi upande ndege kuja Kisumu?" Mama akauliza. "Kwani Kibuye kumefungwa?"

Lakini huo si unga wetu. Wale watu huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, wakayalaza usiku kucha, wakaosha maganda, ndipo wasage. Chokaa hufanya donge lishikane, tena huachilia vitamini B3 ambayo mahindi matupu huibania. Mahindi yalivuka bahari kutoka pande zao hadi kwetu. Ujuzi huo ukabaki. Tulijaribu na unga wa mashine ya hapa mtaani, ule wa ugali. Donge likapasuka kingoni kote. Mama hakuficha furaha yake.

Basi tukarudi kwa pakiti. Dada alilowesha viganja kwa maji na mafuta, akafinyanga donge, akalitoboa kishimo, akatia maharagwe, akaziba, kisha pa-pa-pa, likawa duara. Kikaango kilikuwa kile cha chapati. Pembeni kulikuwa na kabichi na karoti zilizolala kwenye siki, kachumbari yao hiyo, na kusema kweli inaishinda yetu.

Mama hakuwa anatazama chakula. Alikuwa anatazama mikono.

"Nyara, nani alikufundisha?"

"Mama mmoja wa kazini. Tulikuwa zamu ya usiku, tunatunza wazee. Aliniona nakula mkate mkavu peke yangu, akanisogezea sahani. Akaniambia hii ni ya mkono, weka uma chini." Akanyamaza kidogo. "Naye namwita Mama."

Kukawa kimya. Wasalvador wengi walifika maeneo ya Washington wakikimbia vita vya 1980 hadi 1992, na wengine wanazidi kuja, nikaanza kueleza, ili tu pasiwe na kimya. Hakuna aliyenisikiliza.

"Ana watoto?" Mama akauliza.

"Watatu. Aliwaacha kwa nyanya yao. Hajawaona miaka kumi na moja."

Mama alinawa mikono, akavuta kigoda, akachukua donge. Zake za kwanza zilivuja maharagwe, tukazila hivyo hivyo.

Kesho yake alinituma sokoni nikatafute omena iliyokauka sawasawa, isiyo na mchanga. Kilo mbili.

"Moja ni ya huyo mama," akasema.