Hofu ya Vitabuni na Hofu ya Nyumbani

Wako watu wanaoona haya kusema kwamba wapenda hadithi za kutisha, hasa zile za zamani zilizochapwa juu ya karatasi duni na kuuzwa kwa senti chache. Sisi hatuoni haya. Tulizisoma tulipokuwa wanafunzi wa seminari ndogo, na twazisoma hata leo tukiwa walimu. Tukiona jalada lenye fuvu la kichwa, mwezi na mtu mwenye joho jeusi, moyo wetu hufurahi kama wa mtu aliyesikia harufu ya chakula cha kwao.

Seminarini, katika miaka ya 2000, vitabu hivyo vilikaa rafu ya chini kabisa ya maktaba, nyuma ya kamusi za Kilatini. Vililetwa na wamisionari Wabelgiji, ambao wengine walikwisha kurudi Ulaya na wengine kuzikwa hapa kwetu. Vilikuwa vitabu vidogo vya kutia mfukoni, vya Marabout ya mji wa Verviers, nyumba iliyoanza kuchapa vitabu vya namna hiyo mwaka 1949. Kurasa zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, na gundi ya mgongo ilikuwa imekauka hata ukifungua kwa haraka kurasa zaanguka kama majani ya kiangazi. Padri mtunza maktaba alijua kwamba twavisoma. Hakutukataza, aliagiza tu visisomwe baada ya sala ya usiku, maana walikuwapo wadogo waliolala karibu nasi.

Mwandishi aliyetupendeza kupita wote ni Jean Ray, mtu wa Gent, aliyezaliwa mwaka 1887 na kufariki mwaka 1964. Jina lake la kweli lilikuwa de Kremer. Alipenda kujisimulia kuwa alikuwa baharia na mfanya magendo ya pombe, wala tusimwamini sana. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1927 alihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa mambo ya fedha za watu, akatoka mwaka 1929. Baadhi ya hadithi zake zilizo bora aliziandika gerezani.

Habari ya kazi yake yashinda hadithi nyingine kwa ajabu. Alipewa kutafsiri kwa Kifaransa vijitabu vya mpelelezi aitwaye Harry Dickson, akaaye London, katika Baker Street, pamoja na mwanafunzi wake Tom Wills. Vijitabu hivyo vilitoka Ujerumani kwa njia ya Kiholanzi. Jean Ray aliviona vibovu mno, hata akaomba ruhusa aandike hadithi zake mwenyewe. Mchapaji akakubali, lakini kwa sharti moja: hadithi ilingane na picha ya jalada. Picha zilikuwa tayari, zimechorwa zamani na Mjerumani Alfred Roloff, wala mchapaji hakutaka kulipia nyingine. Basi mwandishi alitazama picha, akaketi mbele ya mashine yake ya kuandikia, akatafuta usiku kucha ni kisa gani kingeweza kuwafikisha watu hao mahali hapo. Vijitabu vya Kifaransa vilitoka tangu mwaka 1929 hata 1938, jumla 178, na zaidi ya 100 ni kazi ya mkono wake. Wanafunzi wetu wanaonung'unika tukiwapa insha ya kuandika juu ya picha wangefaa kumkumbuka mtu huyo.

Tena alikuwa na jina la pili, John Flanders. Kwa jina hilo aliwaandikia vijana vijitabu vilivyochapwa na abasia ya Averbode, kazi ya watawa waliotaka kuwapa watoto masomo mema. Na kwa jina lilo hilo, mwaka 1934 na 1935, hadithi zake zilitokea Marekani katika Weird Tales, gazeti la vizuka lililoanza mwaka 1923. Abasia na gazeti la vizuka, mwandishi mmoja!

Sinema za kutisha za zamani nazo twazipenda kwa sababu hiyo hiyo, maana zilitengenezwa na watu wenye fedha kidogo na akili nyingi. Mwaka 1922 Mjerumani Murnau alitoa Nosferatu bila ruhusa ya mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa Dracula. Mwaka 1925 baraza la hukumu likaamuru nakala zote ziharibiwe, lakini chache zikaokoka, na leo hata mwalimu wa kijijini aweza kuiona katika simu ya mwenzake, kama tulivyoiona sisi. Lakini ile tuipendayo zaidi ni Cat People ya Jacques Tourneur, ya mwaka 1942. Mwanamke atembea peke yake usiku kando ya ukuta. Nyayo zamfuata. Kisha nyayo zanyamaza. Ghafula twasikia mlio mkali kama wa mnyama, kumbe ni basi lililokuja kusimama! Hakuna damu wala jino, ni kivuli tu, na kivuli hakina bei. Filamu za siku hizi zenye kumwaga damu ndoo kwa ndoo hazijatutisha hivyo hata siku moja. Zatuchosha tu.

Siku moja tulikuwa tukisifu mambo hayo mbele ya katekista wa mtaa wetu, mzee mwenye busara. Akatukatiza: «Mwalimu, ninyi mwacheza na moto. Katika nchi hii watoto wafukuzwa nyumbani kwa neno uchawi, nanyi mwawapa vitabu vya wachawi?»

Swali hilo halikuwa la mchezo. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yamwadhibu amshitakiye mtoto kuwa mchawi; hata hivyo watoto wangali wanalala sokoni kwa mashitaka hayo. Nasi tulikuwa na mfano karibu. Mwanafunzi wetu mmoja, wa miaka 12, aliacha kuja shuleni. Baba yake alikuwa amepoteza kazi, mdogo wake amefariki kwa homa, na ndugu mmoja wa ukoo akaona kisa kama hicho katika filamu iliyoonyeshwa kwenye nyumba ya maombi. Katika filamu ile mtoto alikiri kwamba alikula watu usiku. Basi, wakamtafuta wa kwao. Tulikwenda pamoja na katekista mara tatu. Mara ya tatu mama mkubwa wa mtoto alisimama akasema: «Mkimkataa ninyi, mimi namchukua.» Akamchukua. Mtoto amerudi darasani, lakini mlango wa baba yake haujafunguliwa.

Njiani tukirudi tulimjibu katekista. Filamu ile na vitabu vyetu havina undugu. Filamu ile yasema: haya ni kweli, na mchawi yuko chumbani mwako, mchunguze mpwa wako. Harry Dickson afanya kinyume. Aitwa penye kizuka, watu wote watetemeka, naye aulizia ufunguo, matope ya viatu, na nani atapata urithi. Mara nyingi kizuka kile huvuliwa kinyago, na chini yake yumo mtu mwenye deni. Na katika Malpertuis, kitabu kikubwa cha Jean Ray cha mwaka 1943, miungu ya Wagiriki wa kale wamefungiwa katika nyumba moja ya Flandria, wamedhoofika kwa sababu watu wameacha kuwaamini. Nguvu yao yote ilikuwa imani ya watu! Katekista alinyamaza mpaka mtoni, kisha akasema angependa kuona kitabu hicho. Mtoto mwenyewe hakipendi hata kidogo, apenda mpira.

Haifai, lakini, kuvisifu vyote. Lovecraft, Mmarekani wa Providence, aliyesifiwa kuliko wote wa Weird Tales, aliandika hadithi iliyotoka mwaka 1921 juu ya Mwingereza agunduaye kwamba bibi wa ukoo wake alitoka Kongo, naye hakuwa binadamu bali nyani mweupe. Kwa aibu ajichoma moto. Lovecraft hakukanyaga Afrika. Kongo yake ni giza alilolitoa kichwani mwake akalibandika juu ya ramani. Huku kwetu Katanga nako, wakati wa ukoloni, wazee walisimuliana habari za batumbula, watu waliosemekana kuwakamata wenzao usiku kwa ajili ya Wazungu. Kila upande uliuchora mwingine wenye pembe, lakini pembe za upande mmoja ndizo zilizochapwa na kuuzwa. Hadithi ile ya Lovecraft hatumwazimi mwanafunzi. Twaisoma wenyewe darasani, kwa sauti, na penye neno baya twasimama.

Vingine twaviazima. Tunavyo 12 katika sanduku la bati, kwa sababu ya mchwa. Mwanafunzi apewa kimoja kwa juma moja, na akirudisha yampasa kutaja ni nani aliyekuwa chini ya kinyago, na katika ukurasa gani alianza kumshuku. Malpertuis ni kwa darasa la mwisho tu, maana Kifaransa chake ni kigumu. Sasa kiko kwa katekista, na juma lake limekwisha pita mara nne. Kimoja cha Harry Dickson hakijaonekana tangu Pasaka. Aliye nacho na akirudishe, hata bila jalada.